Kifungu na Kifungo

Rasimu ilikuwa na kurasa hamsini na mbili,
nyingi kati ya hizo nimeziandika mimi,
ghorofa ya tisa, Upper Hill, dirisha halifunguki.
Neno moja lilinikosesha usingizi: mzunguko.
Nililifuta nikaandika duara,
nikafuta duara, nikanywa chai, nikarudisha mzunguko.
"Kila vazi litarejea lilikotoka," niliandika,
kana kwamba nguo ni mtoto aliyetumwa chumvi.

Alhamisi nikatumwa Gikomba kukusanya maoni ya umma.
Umma wa kwanza niliomkuta ulikuwa na sindano mdomoni:
Syombua, fundi, cherehani ya miguu,
kibanda kilichoungua mara tatu, kikajengwa mara nne.
Hakunitazama usoni. Alitazama koti.
"Kifungo cha pili kinaning'inia. Vua."
Nikavua. Serikali ikabaki na shati.

Nikamsomea Kifungu cha Nne:
waagizaji watatozwa ada kwa kila robota.
"Ada ikipanda bandarini," akasema, "hushukia hapa,"
akajipiga goti.
Nikamsomea cha Tisa, cha viwanda vya kuchambua nyuzi,
nilichokipenda kuliko vyote,
na akacheka kwa pua, kwa sababu ya ile sindano.
Baba yake alifuma vitambaa Thika
hadi mashine zikauzwa kwa kilo, vyuma chakavu.

Halafu akanisomea yeye, bila karatasi.
Robota hukatwa saa kumi na moja alfajiri, kwa tochi.
Kamera huondoka kwanza: zisizo na doa,
za wenye maduka yenye vioo.
Kisha za pili. Kisha za tatu, za kwetu sisi wa sindano,
tugeuze kola, tufupishe, tuzibe,
gauni liwe sketi, sketi iwe foronya,
foronya iwe tambara la gereji.
"Mzunguko wako ndio huo. Tuliuita kodi ya nyumba."
Kisha fagia, shilingi kumi, shilingi tano, chukua tu.
"Na fagia," nikauliza, "hufagiwa wapi?"

Akanipeleka nyuma ya vibanda.
Mto ulikuwa umevaa.
Soksi, sidiria, mikono ya mashati ikipunga
kwa watu waliokuwa wakivuka daraja,
suruali nene ya mtu wa kuteleza kwenye theluji.
"Huyu naye," Syombua akasema, "alikuja Nairobi kuteleza wapi?"
Sikucheka. Nilikuwa naandika.

Akachomoa uzi wa pamba, akauwasha kiberiti:
harufu ya karatasi, majivu, upepo ukayachukua.
Akachomoa mwingine, wa poliesta.
Ulijikunja, ukalia chii, ukawa shanga nyeusi, ngumu.
Akaisubiri ipoe, akaniwekea kiganjani.
"Pamba inajua kufa. Hii haijui.
Nyinyi mmeandika nani anaileta na nani anaivaa.
Nani anaizika?"

Jumatatu, kikaoni, nilisema vile vile: nani anaizika?
Mwenyekiti akaniuliza kama hilo ni swali au pendekezo.
Katibu akaandika: maoni yamezingatiwa.
Kifungu cha Kumi na Saba, Mabaki,
kikaachwa na mabano, na ndani ya mabano nukta tatu.
Shanga niliiweka mezani, karibu na chupa za maji.
Mtu wa usafi aliifuta pamoja na makombo,
nadhani. Sikuiona tena.

Koti ninalo. Vifungo vinne vyeusi, kimoja kijani,
kimetoka kwa koti la mtu nisiyemjua, wa nchi nisiyoijua,
na ndicho pekee kisicholegea.
Alinitoza shilingi hamsini.
Nilizijaza kwenye fomu ya matumizi ya kazi ya nje,
na mhasibu, mtu mpole sana,
ameirudisha mara mbili sasa
akiomba risiti.